Mafumbo ya Mtihani na Ukweli wa Maneno

Siku hizi kijana amalizapo masomo yake na kwenda mjini kutafuta kazi, mara nyingi haulizwi kwanza juu ya kazi yenyewe. Huketishwa pamoja na wenzake wengi, hupewa karatasi na muda wa kuhesabiwa kwa dakika, na katika karatasi hiyo hukuta maswali yasiyohusu ukarani, wala uuguzi, wala fedha. Huulizwa, "Ikiwa MAJI huandikwa NBKJ, MOTO huandikwaje?" Tena huulizwa, "Samaki wote hupanda miti. Perege ni samaki. Je, perege hupanda miti?" Mitihani ya namna hii imeenea katika nchi nyingi. Huko India vijana wengi sana huifanya kila mwaka kwa ajili ya kazi za reli na za benki, na huku kwetu nako imekwisha kuingia.

Wazazi wa vijijini wameziona karatasi hizi mikononi mwa watoto wao, nao wana maswali mawili. La kwanza ni hili: je, mambo haya ndiyo akili? La pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: mtoto aliyelelewa katika kusema kweli, aandikeje kwa mkono wake mwenyewe kwamba perege hupanda miti? Wako watu walioelimika ambao hulicheka swali hili. Sisi hatulicheki, kwa kuwa mtu aulizaye hivyo ameona jambo ambalo wengi wenye vyeti hawajalitazama hata siku moja.

Tuanze na herufi, maana habari yake ni nyepesi. Katika fumbo la MAJI kila herufi imesogezwa mbele hatua moja: M imekuwa N, A imekuwa B, J imekuwa K, na I imekuwa J. Basi MOTO huwa NPUP. Anayetaka kujizoeza aandike herufi zote 26 za Kiingereza katika mstari mmoja, na chini yake hesabu tangu 1 hata 26, na mengi yaliyokuwa giza yatamwangazia. Ila asisahau Q na X, ambazo Kiswahili chetu hakina kazi nazo. Mtoto wa kijijini akiulizwa habari za WALI huweza kuandika YBMJ, kwa sababu katika masikio yake baada ya W huja Y. Karatasi yataka XBMJ. Amekosa alama, lakini hakukosa akili. Alizijua vema herufi za lugha yake, na aliyetunga mtihani alikuwa na lugha nyingine moyoni.

Kazi hii ya kugeuza herufi si ngeni kwetu. Watu wa pwani tangu zamani walisema kinyume, yaani silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele, hata nyumba ikawa mbanyu. Askofu Edward Steere aliitaja desturi hiyo katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Na msomaji wa Biblia akifungua Yeremia 25:26 atakuta jina Sheshaki, ambalo halimo katika ramani yo yote. Wataalamu hueleza kwamba ni Babeli iliyofichwa. Herufi ya kwanza ya alfabeti ya Kiebrania hubadilishana na ya mwisho, ya pili hubadilishana na ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo. Babeli kwa Kiebrania huandikwa kwa herufi tatu, B, B, L. B ni ya pili, nayo hubadilishana na SH. L ni ya kumi na mbili, nayo hubadilishana na K, ambayo ni ya kumi na moja. Basi B-B-L huwa SH-SH-K. Na katika 51:41 majina yote mawili yamo katika mstari mmoja, kana kwamba mwandishi ametupa na ufunguo. Mwalimu anayetafuta zoezi la kuwapa wanafunzi wake hana haja ya kuagiza kitabu mbali.

Lakini angalia jambo moja. Tuseme karatasi yasema kwamba BABA huandikwa ABAB. Mtoto wa kwanza asema, "Neno limesomwa kutoka nyuma." Wa pili asema, "La, herufi zimepangwa mbili mbili, A na B, C na D, E na F, na kila moja huchukua nafasi ya mwenzake." Wote wawili wamepatia. Sasa uwaulize MAMA huandikwaje. Wa kwanza ataandika AMAM, na wa pili NBNB, na karatasi ina nafasi ya jibu moja tu. Hapa hakuna aliyefikiri vibaya. Yule mmoja ameotea nia ya mtunzi, na mwenzake hakuiotea. Kwa hiyo twasema kwamba fumbo la herufi si kipimo cha kufikiri peke yake. Ni kipimo pia cha kumjua mtu asiyekuwapo, yaani kujua ni njia gani ambayo yeye aliyetunga huiona kuwa rahisi. Mtunzi mwenye haki hutoa mifano miwili au mitatu, mpaka ibaki njia moja tu. Asiye na haki hutoa mmoja, kisha huwahesabia wengine ujinga.

Hoja ya sentensi tatu ni kitu kingine kabisa. Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeitengeneza kuwa elimu yenye kanuni ni Aristotle, Myunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo. Mfano wake ni huu: Binadamu wote hufa, wafalme wote ni binadamu, basi wafalme wote hufa. Hapa hapana kuotea. Ukikubali mbili za kwanza, ya tatu umekwisha kuikubali, upende usipende. Leonhard Euler, mwenyeji wa Uswisi, katika barua zake kwa binti mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1768, alionyesha namna ya kuzipima hoja hizi kwa kuchora miviringo. Sisi huwaambia wanafunzi wachore mazizi. Neno "wote" ni zizi dogo ndani ya zizi kubwa. Neno "hakuna" ni mazizi mawili yasiyogusana. Neno "baadhi" ni mazizi mawili yaliyopandana. Na sharti lenyewe ni moja: neno la mwisho lafuata ikiwa ni kweli katika kila mchoro unaowezekana. Ukiweza kupata mchoro mmoja tu unaolikataa, halifuati.

Jaribu hili: Walimu wote ni wasomaji, baadhi ya wasomaji ni wavuvi, je, yafuata kwamba baadhi ya walimu ni wavuvi? Wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa wamjua mwalimu mmoja mwenye mtumbwi. Lakini chora. Zizi la walimu limo ndani ya zizi la wasomaji. Zizi la wavuvi laweza kuligusa lile kubwa upande wa mashariki, na walimu wakawa upande wa magharibi. Haifuati. Yule mwalimu mwenye mtumbwi ni wa kweli, lakini hakuletwa na sentensi hizi.

Sasa turudi kwa perege wetu na mti wake.

Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu mmoja wa Moscow, jina lake Aleksandr Luria, alikwenda Uzbekistan na nchi jirani kuchunguza namna wakulima wasiosoma wanavyofikiri. Katika maswali yake mlikuwamo hili: Huko kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe; Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali na kuna theluji siku zote; je, dubu wa huko wana rangi gani? Wakulima wengi walikataa kujibu. Mmoja alisema kwamba yeye alipata kumwona dubu mweusi, wengine hakuwaona, na kila mahali pana wanyama wake. Wengine walisema hawawezi kunena juu ya jambo wasilolishuhudia. Lakini waliopata shule, hata kidogo, walijibu mara moja: ni weupe. Miaka mingi baadaye Michael Cole na Sylvia Scribner, watu wa Marekani, walikuta majibu ya namna hiyo hiyo huko Liberia.

Wako wasomi waliosoma habari hizo wakanena kwamba wakulima wale hawakuwa na uwezo wa kufikiri. Neno hilo twalikataa. Tazama baraza la wazee katika kijiji cho chote. Shahidi akianza kueleza yaliyotukia kisimani, huulizwa kwanza, "Wewe ulikuwapo?" Kama hakuwapo, huambiwa akae chini. Mkulima aliyekataa kunena habari za dubu aliulizwa na mgeni, tena mgeni mwenye karatasi na kalamu, naye akajiona kama shahidi barazani. Akaulinda ulimi wake. Adabu hiyo ni njema, na katika mtihani wa kisasa haina alama hata moja.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, kwa maana adabu hiyo ikiachwa ipite mahali pake humfunga mtu. Asiyekubali kufikiri ila yale aliyoyaona hawezi kuonywa juu ya asiyoyaona. Mwambie, "Maji ya kisima kile yana kipindupindu, wewe wachota katika kisima kile," naye atasubiri mpaka aone. Akiisha kuona, amechelewa.

Jibu tulilolitafuta lilisemwa na mmoja wa watu wale wale wa Uzbekistan. Alipobanwa na swali la dubu, alijibu kwa maana hii: kwa maneno yako, yapasa wawe weupe. Tunaomba msomaji ayatazame maneno hayo matatu ya kwanza, "kwa maneno yako". Mtu huyo hakutoa ushahidi juu ya dubu. Hakuapa. Alichoshuhudia ni mfungamano wa sentensi za mgeni, kwamba ya tatu yatoka katika mbili, na mfungamano huo aliuona kwa macho ya akili yake waziwazi, kama mtu aonavyo kwamba kamba hii imefungwa kwenye nguzo ile. Alisema kweli tupu.

Basi mtoto aandikapo kwamba perege hupanda miti, haandiki habari za perege. Aandika kwamba, kwa maneno ya karatasi, ndivyo itokavyo. Fundi akihesabu matofali ya ukuta ambao haujajengwa hasemi uongo. Bibi akisimulia jinsi sungura alivyomwambia fisi, wajukuu hawamshitaki. Lakini hapa pana sharti, nasi twalitia mkazo: mtoto afundishwe kuyasema hayo maneno "kwa maneno yako" moyoni mwake kila mara, mpaka yawe mazoea. Mwalimu afundishaye mafumbo haya bila kuyataja hayo awafundisha watoto kutojali kama neno ni la kweli au si la kweli, mradi limefungamana. Huko ndiko kunakotoka mawakili wabaya na wanasiasa wabaya, na hata wahubiri wengine.

Tena kuna hatari kubwa kuliko ya perege. Perege apandaye mti hamdanganyi mtu. Kidanganyacho ni hoja mbovu ambayo mwisho wake tulikwisha kuupenda au kuuogopa. Katika nchi ya Usukuma, pande za Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, hasa tangu miaka ya 1970, na alama mojawapo iliyotajwa ni macho mekundu. Hoja ya wauaji yaweza kuandikwa katika karatasi ya mtihani: Wachawi wote wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, basi bibi huyu ni mchawi. Chora mazizi. Tuseme hata tukikubali, kwa maneno yao, kwamba zizi la wachawi limo ndani ya zizi la wenye macho mekundu: bibi yumo katika zizi kubwa, lakini ni nini kilichomtia katika lile dogo? Hakuna. Mpishi, mhunzi, mtoto mwenye ugonjwa wa macho, wote wamo katika zizi kubwa. Na bibi mwenyewe amepika miaka hamsini juu ya mafiga, akipuliza kuni mbichi na samadi katika nyumba isiyo na dirisha. Moshi ndio uliomtia mle. Hata kabla ya kuuliza kama sentensi ya kwanza ni ya kweli, hoja imekwisha kuanguka. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne ajuaye kuchora mazizi aweza kuiangusha kwa kijiti mchangani. Twauliza: ni wangapi walioshika mapanga usiku ule wangeshindwa fumbo la walimu na wavuvi?

Wala msomaji asidhani kwamba huu ni udhaifu wa wasiosoma. Wataalamu watatu wa Uingereza, Evans, Barston na Pollard, walichapa mwaka 1983 habari za majaribio yao juu ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waliwapa hoja ambazo hazifuati, ila mwisho wake ni neno la kusadikika. Wakazikubali mara 71 katika kila 100. Hoja ambazo hazifuati vile vile, lakini mwisho wake si wa kusadikika, walizikubali mara 10 tu katika 100. Yaani walikagua kufuli la mlango wa adui, na wa rafiki wakaupita wazi. Rafiki zake Ayubu nao walikuwa wasomi wa zamani zao. Walisema kwamba ateswaye ametenda dhambi, na Ayubu ateswa, basi Ayubu ametenda dhambi. Hoja yao ilifungamana vema kuliko ile ya macho mekundu. Kosa lilikuwa katika sentensi ya kwanza, ambayo hakuna aliyeipima. Kwa hiyo kuna maswali mawili, wala moja haliwezi kushika mahali pa mwenzake: je, yafuata? na je, ni kweli?

Tukija kwa swali la wazazi, kama mafumbo haya ndiyo akili, waliotunga mitihani wenyewe wametupa somo. Alfred Binet alitunga kipimo chake huko Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa shuleni, naye aliwaonya watu wasidhani akili ya mtoto ni kitu kisichoongezeka. Mwaka 1917 jeshi la Marekani likaanza kuwapima askari wake, na hesabu yao ilipata watu zaidi ya milioni na laki saba. Carl Brigham akazichukua hesabu hizo, na mwaka 1923 akatoa kitabu kilichosema kwamba watu weusi, na watu wa kusini na mashariki ya Ulaya, wamepungukiwa akili. Lakini katika hesabu zake mwenyewe ilionekana kwamba wageni waliokaa Marekani miaka mingi walipata alama nyingi kuliko waliokuja juzi. Msomaji wetu amekwisha kuona maana yake: karatasi ilipima mazoea ya nchi. Brigham hakuiona, au hakutaka kuiona, mpaka mwaka 1930, alipoandika hadharani kwamba hoja yake ya kwanza haikuwa na msingi. Twamheshimu kwa kukiri. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa.

Basi maoni yetu ni haya. Mafumbo ya herufi na ya sentensi ni mazoezi mema ya akili, kama vile kuruka kamba ni zoezi jema la miguu. Atakayeruka kamba vizuri si lazima awe mchukuzi bora. Lakini ikiwa kazi za mjini zimewekewa kamba mlangoni, si haki mtoto wa mjini aruke kila jioni na wa kijijini aione kamba kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Shule zetu zitenge hata nusu saa kwa juma. Kinyume na vitendawili vianze, kisha mstari wa herufi 26, kisha mazizi. Gharama yake ni chaki. Na wazazi wasioneane haya kujifunza pamoja na watoto, maana baraza la kijiji nalo lina hoja zake za kupimwa, tena hizo hazina mtu wa kuzisahihisha kwa wino mwekundu.

Kwa wazazi ambao majibu ya mitihani yamefika nyumbani juma hili, tunaweka fumbo moja walifanye kabla hawajazungumza na kijana. Wote waliofaulu walijizoeza sana. Mwanao hakufaulu. Je, yafuata kwamba hakujizoeza? Chora mazizi, kisha umwite.